Mshahara Uliosomwa kwa Dobi

4 Februari

Daktari wangu,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana kiti nimempa mteja, na huyo mteja anachungulia ninachoandika. Mwache aone. Nimemwambia, "Namwandikia mwanangu wa saikolojia," akasogea pembeni kwa heshima kama mtu aliyeingia ofisini bila kubisha hodi.

Mimi mzima. Mgongo ni ule ule na pasi ni zile zile. Picha yako ya joho nimeihamishia karibu na mlango, ili anayeleta mashati akuone wewe kabla hajaniona mimi. Jana mama mmoja alileta shuka, akaanza kulia kwamba mumewe akirudi kazini hasemi neno mpaka asubuhi. Nikamwambia asihangaike, mwanangu akija likizo atamkalisha dakika tano tu, na huyo mume ataongea mpaka wamwombe anyamaze. Nimemwandikisha. Wapo wanne sasa. Usinune, ni watu wazuri.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Mama Msusi, huyu jirani tunayegawana ukuta, binti yake amefaulu. Yule yule uliyekuwa ukimfundisha kusoma mabango ya barabarani. Amepata nafasi katika chuo cha kulipia, na anataka kusoma nini? Saikolojia! Anasema, "Nataka kuwa kama dada." Nusura niunguze suruali ya mtu.

Ila ada yake ni ya kutisha, na mama mtu hana kitu duniani zaidi ya kile chumba anachosukia. Muuza rangi wa upande wa pili anakitaka siku nyingi, avunje ukuta wake apanue duka. Mama Msusi amemwambia atamjibu mwisho wa mwezi. Jana akaja kwangu, chanuo limechomekwa kichwani, akaniuliza, "Mwenzangu, niambie ukweli. Hiyo digrii inalipa?" Nikamwambia, "Wewe niangalie mimi." Lakini unamjua, mpaka ashike kwa mkono wake. Anataka kusikia kutoka kwako: unapata kiasi gani, mkopo wa chuo unaulipaje, na kama ingekuwa leo ungesoma hicho hicho.

Mwandikie vizuri, kurasa mbili au tatu. Usipige simu. Simu siwezi kumwonyesha mtu. Barua zako nikizisoma pale benchini, hata wanaosubiri nguo huniomba nisiharakishe kupiga pasi.

Mama yako anayetembea kifua mbele,
Mama Daktari

*

14 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii tafadhali usiisome benchini.

Nimechana karatasi nyingi mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama namwandikia mchumba. Nikamwambia namwandikia mama. Akasema, "Basi umefanya kosa kubwa."

Nilikwambia kazi yangu ni kuzungumza na watu wenye matatizo siku nzima. Huo si uongo. Ila matatizo yenyewe ni kwamba hawajamaliza kulipia friji. Kampuni yetu hukopesha watu friji, makochi na televisheni, wanalipa kidogo kidogo. Mtu akichelewa, napiga simu mimi. Tuko ukumbi mmoja, kila mtu amekaa ndani ya kisanduku chake cha mbao, kisikilizio kichwani, na nyuma yetu anatembea msimamizi anayetega sikio asikie tunavyosema. Walinichukua kwa sababu ya digrii. Aliyenihoji alisema, "Wewe unajua mtu anavyowaza, kwa hiyo utajua pa kumbana." Chuoni nilifundishwa kumsikiliza mtu mpaka aibu yake ipungue. Hapa nalipwa niiongeze. Na ninaiweza, Mama. Hilo ndilo linaloniuma. Mwezi uliopita nilikuwa wa pili kwa makusanyo, wakanipigia makofi.

Kuhusu pesa. Ule mwezi shule zinapofunguliwa, sare zikijaa kwako mpaka dirishani, wewe unaingiza kuliko mimi. Mshahara wangu ukitoka, karibu theluthi inakatwa ya mkopo wa chuo kabla sijaiona. Nusu ya kinachobaki ni kodi, na chumba chenyewe nagawana na muuguzi, katikati tumetundika pazia. Kwa mwendo huu nitamaliza deni nikiwa na miaka thelathini na tisa, kama sitaugua wala kuachishwa kazi. Nikikosa mwezi mmoja riba inapanda, na hapo ninayepigiwa simu ni mimi.

Tena mimi si daktari. Kwa digrii ya kwanza peke yake siruhusiwi kumtibu mtu. Ningepaswa kusoma ya pili, kisha nifanye kazi chini ya mtaalamu, na yote hayo ni ada nyingine. Wale wanne ulioandikisha, naomba uwafute.

Mwambie Mama Msusi haya yote, lakini mwambie kwa haki. Masomo si mabaya. Niliyapenda kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma. Mwenzangu mmoja yuko kiwandani, anashughulikia mambo ya wafanyakazi, na anapata vizuri. Mwingine anafundisha watoto wasiosikia; mshahara wake mdogo lakini analala usingizi. Wengi wetu tuko kwenye simu au nyumbani kwa wazazi. Mtu akipata chuo cha serikali chenye ada nafuu, asome, tena asome kwa furaha. Lakini kuuza chumba kinachomlisha ili mtoto apate nilichopata mimi, hapana. Asiuze.

Naona aibu kukuandikia haya leo, baada ya miaka miwili. Kila nilipotaka kukwambia, nilikuta umeshafurahi.

Mwanao

*

23 Februari

Daktari wangu,

Marahaba, tena marahaba.

Barua yako imefika siku ya watu kuchukua sare. Benchi limejaa, wengine wamekalia mafurushi. Mleta barua akatangaza tangu mlangoni, "Ya Mama Daktari!" Mama Msusi akaacha kichwa cha mtu nusu, akaja mbio na povu mkononi. "Fungua! Fungua!" Wote wamenikodolea macho. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikafungua, nikasoma yale ya mwanzo kimoyomoyo. Kisha nikawasomea.

Sikuwasomea neno kwa neno. Mwandiko wako siku hizi umelala, na mengine ni ya mama na mwana. Niliwasomea ya msingi tu. Wakapiga makofi.

Ila mwanangu, acha hii tabia ya kujishusha. Tangu mdogo uko hivyo, ukipata tisini unasema ulibahatisha. Sijui friji, sijui makochi, hayo ni maneno ya mtu aliyechoka. Anayefanya kazi amekaa, ndani ya jengo la vioo, hajui kusimama na pasi. Utapanda cheo, mimi nakwambia. Hiyo miaka thelathini na tisa ilinishtua kidogo, halafu nikasema labda umekosea kuzidisha. Hesabu hukuwa ukizipenda.

Mama Msusi amefurahi mno. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Umenitoa wasiwasi." Keshokutwa anakwenda kwa muuza rangi. Jioni ile nikaunguza kola mbili za watu, sijui kwa nini. Joto, nadhani.

Wale wanne wamekuwa sita. Tutaongea ukija.

Ni mimi, Mama Daktari

*

3 Machi

Kwa binti yangu wa ukuta wa pili,

Hujambo? Ukiona karatasi inateleza usishangae, mikono yangu ina mafuta ya nywele saa zote. Anwani nimeinakili kutoka nyuma ya bahasha yako, mama yako aliiacha juu ya meza.

Naandika kukushukuru. Ile siku mama yako alipotusomea kwamba mshahara wako ni mara tano ya anachoingiza yeye, na mkopo wa chuo umebakiza miezi michache tu, moyo wangu ulitulia. Miaka miwili nasuka huku nasikia habari zako kupitia ukutani. Lakini kusikia zimeandikwa ni kitu kingine kabisa.

Nimekwisha kupokea arubuni ya muuza rangi. Sehemu yake nimelipia nafasi ya mwanangu chuoni, isije ikapewa mwingine. Tarehe ishirini tunatia saini mbele ya watu, ananipa fedha zilizobaki, namkabidhi ufunguo.

Nina ombi moja, na nalileta kwa haya. Umesema kazini wamekupa nyumba ya vyumba vitatu. Mwanangu hana pa kufikia huko. Anaweza kulala hata stoo? Anapika, anafua, hana makelele. Nami nitakuwa nakutumia chochote nitakachopata. Chumba kikishakwenda nitasukia watu majumbani kwao. Miguu bado ninayo.

Usimwambie mama yako kuhusu stoo. Atasema namnyonya mwanawe.

Mama yako wa pili,
Msusi

*

8 Machi

Mama,

Shikamoo.

Mama Msusi ameniandikia. Anaomba stoo kwenye nyumba yangu ya vyumba vitatu. Barua yake nimeisoma nikiwa kitandani, mguu wangu mmoja umepitiliza pazia uko upande wa muuguzi.

Sikuulizi ulisoma nini. Ameniandikia mwenyewe, pamoja na hiyo mara tano.

Atatia saini tarehe ishirini. Akishatoa ufunguo, hakuna barua itakayomrudishia. Atazunguka na chanuo mkobani akigonga milango ya watu, na ile miguu aliyonayo itachoka. Binti yake atamaliza chuo, atatafuta kazi mpaka viatu viishe, kisha atakuja kukaa kisanduku kilicho jirani na changu. Nitamwona kila siku amevaa kisikilizio. Mama, hilo sitaliweza.

Ningeweza kumwandikia moja kwa moja. Lakini angekuja na barua mlangoni kwako mbele ya wote, na sitaki uaibike kwa mkono wangu. Kwa hiyo yake nimeiweka ndani ya bahasha hii hii, na sijaifunga. Isome wewe kwanza. Nimeeleza kila kitu kuhusu kazi, mshahara, deni na chumba. Kuhusu wewe nimeandika tu, "Barua yangu ya kwanza haikueleweka, na kosa ni langu." Mpe mkononi. Nisiposikia kitu mpaka tarehe kumi na saba, nitampigia simu.

Siku mbili nilikukasirikia mpaka muuguzi akaninyang'anya simu. Siku ya tatu nikaona aibu yangu mwenyewe. Wewe umeidanganya benchi moja, saa moja. Mimi nimekudanganya wewe miaka miwili, na kila mwezi nilikuwa nikinunua stempu ya kufanyia hivyo.

Mwanao

*

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ule ujumbe wangu wa simu umeupata, kwamba Mama Msusi hauzi tena. Yaliyobaki yasingeenea kwenye simu. Kaa chini.

Barua zilifika pamoja. Ya kwake nikaitia mfuko wa aproni, nikazunguka nayo siku nzima. Kesho yake nikaificha chini ya kitambaa cha meza ya pasi, nikawa napiga pasi mashati ya watu juu yake, na kila nikipitisha pasi nafsi yangu inajua ipo. Nilijiambia nitampa akimaliza kichwa cha huyu. Akimaliza, nasema acha amalize na cha yule. Siku ya tatu nikasikia muuza rangi ameleta fundi kupima ukuta. Wanagonga, wanacheka, vumbi linadondokea nguo nyeupe za watu. Mama Msusi naye anawaambia kwa sauti ya mtu mwenye mali, "Taratibu, bado ni changu." Hapo nikashindwa kuendelea kuificha.

Nilipanga nimpe uani, kimyakimya. Nikamkuta anafua taulo. Akafuta mikono, akaisoma amesimama, akairudia. Kisha akaniuliza, "Mwanao anasema barua haikueleweka. Wewe hujui kusoma?"

Nikasema najua.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

Nikaenda kuileta. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze na ndoo zake zote. Nilidhani ataisoma palepale. Hakuigusa. Alinishika kiganja kama mtoto anayevushwa barabara, akanipeleka mpaka benchini, akasema, "Wasomee hawa. Ile siku walikuwepo."

Nikasoma. Friji nikaisoma. Makochi nikayasoma. Theluthi, riba, pazia la muuguzi, vyote. Nilipofika "mimi si daktari" sauti ikagoma. Yule mama wa shuka akanionea huruma, akasema, "Basi, inatosha." Mama Msusi akasema, "Haitoshi. Hajafika kwenye 'asiuze'." Nikafika. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mwanamke mmoja alichukua mashati yake hayajapigwa pasi, akaondoka. Wale sita nimewafuta wote. Mume wa mama wa shuka itabidi aendelee kunyamaza.

Tulipobaki wawili nikaanza kujitetea, unalijua domo langu. Nikamwambia sikutaka kumdhuru. Nilikuwa nimeshafungua, macho yote yako kwangu, nikausikia mdomo wenyewe unasema "mara tano", na baada ya hapo nyumba ya vyumba vitatu ikaja yenyewe. Mimi niliyeishia darasa la tano, miaka mingi nilifuata nguo za watu milango ya nyuma, naambiwa nisubiri nje. Tangu uvae joho wanazileta wenyewe, wanaingia wanasalimia, "Mama Daktari, hujambo?" Nisingeweza kuwasomea friji.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Unafikiri nilikuwa nauza kwa ajili ya huo mshahara? Hiyo mara tano niliigawa kwa mbili palepale, nakujua unavyotia chumvi. Mimi nilikuwa nauza ili siku moja na mimi nikae kama unavyokaa wewe ukisoma zile barua."

Nikaanza kukunja upya nguo ambazo nilishazikunja.

Chumba amebaki nacho. Muuza rangi amenuna, anataka arubuni yake yote, na ile sehemu iliyokwenda chuoni chuo kimesema hakirudishi. Nikamwambia aweke makopo yake ya rangi chumba changu cha nyuma bila kodi, mpaka kilichopungua kiishe. Kwa hiyo nguo za watu zinanuka rangi siku hizi, na wateja wangu wawili wamehama. Binti amelia mpaka macho yamevimba. Bado anaitaka saikolojia yake. Ataomba chuo cha serikali mwakani, na amesema atakuandikia maswali. Mjibu, na usimpambie. Mama Msusi ananisalimia kwa ufupi, "Hujambo," basi. Zamani alikuwa akicheka upande wake, na mimi nacheka upande wangu bila kujua kilichomchekesha. Sasa ukuta umenyamaza.

Nimeisoma tena ile barua yako peke yangu, polepole. Miaka miwili nimekuuliza jengo lina ghorofa ngapi, na kama lifti ina kioo. Kazi yenyewe sijawahi kukuuliza. Niandikie siku yako moja tu, tangu unapovaa hicho kitu kichwani mpaka unapokivua. Usiipunguze wala usiipambe. Nitafunga mlango kwanza.

Mama yako

*

27 Machi

Mama,

Shikamoo.

Siku yangu ni hii. Nafika, navaa kisikilizio, bado kina joto la masikio ya aliyekesha nacho. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mdaiwa wa friji. Alinijulia hali vizuri, akaniuliza kama nimekula, kisha akaniambia hana kitu. Tumefundishwa hapo tutaje majirani: "Mzee, hutapenda waone tunakuja kuichukua friji." Nikataja majirani. Akasema atalipa Ijumaa, na sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya mtoto aliyekaripiwa. Msimamizi alipita akanigusa bega kunipongeza. Nikaenda chooni nikakaa humo bila haja.

Mchana tunakula tumesimama. Jioni nilimpigia mama mmoja wa makochi. Alikuwa anaongea huku anafanya kazi, nasikia maji yanamiminwa. Nilimwambia yote ninayopaswa kusema, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, wala hakuwa na hasira, "Mwanangu, mama yako anajua kazi unayofanya?"

Huwa naulizwa hivyo karibu kila wiki. Tumeambiwa tusijibu, turudi kwenye tarehe ya malipo. Nami huwa sijibu, ila si kwa sababu nimeambiwa.

Leo nikamjibu, "Anajua."

Maji yakaacha kumiminika. Akasema, "Basi mpe pole."

Nakupa, Mama. Pole.

Mwanao